Taa za Nyuma Zilizobadilishwa: Jinsi ya Kuzuia Maji ya Mvua Yasiingie

Ni vigumu kukuta gari la mradi lililofanya kazi kwa miaka kadhaa katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro ambalo halijawahi kubadilishwa taa ya nyuma. Njia za kuingia vijijini ni nyembamba, kingo zake ni za mawe, na mara nyingi dereva hulazimika kurudi rivasi kati ya migomba kwa sababu hakuna mahali pa kugeuzia. Taa inapasuka, inanunuliwa nyingine, fundi anaifunga, inawaka, na kazi inaendelea. Hapo wengi wetu huona jambo limekwisha.

Tatizo hujitokeza wakati wa masika. Taa ile mpya huanza kuonyesha ukungu kwa ndani, kisha matone, na baadaye maji yanayocheza kila gari linapopita kwenye shimo. Au taa yenyewe hubaki kavu kabisa, lakini ndani ya buti kapeti linalowa. Makala haya yanalenga kueleza kwa nini hali hiyo hutokea na hatua ambazo dereva, fundi au mratibu wa mradi anaweza kuchukua ili taa iliyobadilishwa isiingize maji.

Kwa nini jambo hili ni muhimu

Taa za nyuma ndizo zinazomwambia dereva aliyeko nyuma yetu kwamba tunapunguza mwendo, tunakata kona au tumesimama. Katika barabara kama ile ya kutoka Himo kupanda Marangu, au kutoka njia panda ya Machame kwenda juu, ukungu unaweza kushuka wakati wa masika na katika miezi ya baridi ya Juni na Julai hata mwenye gari la nyuma asione zaidi ya hatua chache. Katika hali hiyo taa ya breki isiyowaka ni hatari kwa abiria wetu na kwa wale wanaotufuata, hasa malori na magari madogo ya abiria yanayoteremka kwa kasi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 (Sura ya 168) nayo inamtaka mwenye chombo ahakikishe kwamba chombo chake ni kizima kinapokuwa barabarani, taa zikiwa miongoni mwa vitu hivyo.

Hasara nyingine huja polepole. Maji yanayoingia kwenye buti hukusanyika mahali pa chini kabisa, yaani kwenye shimo la tairi la akiba. Hapo hayaonekani. Bati huanza kuota kutu kutoka ndani, jeki na spana hushikwa na kutu, na katika baadhi ya magari nyaya na vifaa vya umeme vilivyopita upande huo huharibika. Katika gari moja la mradi lililokuwa limebadilishwa taa ya kushoto, dalili ya kwanza ilikuwa harufu ya uvundo. Kapeti lilipoinuliwa maji yalikuwa yamefika nusu ya tairi la akiba, na maboksi mawili ya vitabu vya mafunzo ya akina mama yalikuwa yamelowa chini. Taa yenyewe ilikuwa inawaka vizuri, na ndiyo maana hakuna aliyeishuku.

Mapengo mawili tofauti

Kabla ya kuchukua silikoni ni lazima kujua maji yanapita wapi. Taa ya nyuma ina mapengo mawili, na kila moja lina tiba yake.

Pengo la kwanza liko kwenye taa yenyewe, pale kioo chake cha plastiki chekundu kinapoungana na kikombe cha nyuma chenye balbu. Maji yakipita hapo, taa hujaa maji lakini buti hubaki kavu. Pengo la pili liko kati ya taa nzima na bodi ya gari. Hapa huwa kuna gasketi ya sponji au raba inayobanwa na nati. Maji yakipita hapo, buti hulowa ingawa taa ni kavu. Fundi anayepaka silikoni kuzunguka kioo wakati maji yanapita kwenye gasketi ya nyuma atakuwa amefanya kazi bure, na kinyume chake ni hivyo hivyo.

Tukumbuke pia kwamba ukungu mwepesi ndani ya taa si lazima uwe kasoro. Taa nyingi zina matundu madogo ya kupumulia. Ukungu ukitoweka baada ya taa kuwaka kwa muda au gari kupigwa na jua, taa hiyo inapumua kama ilivyokusudiwa. Ukibaki siku nzima, au yakionekana maji yaliyotuama chini, hapo kuna mvujo.

Mlima nao una mchango wake

Wenzetu wa tambarare hawapati tatizo hili kwa kiasi kile kile, na sababu si mvua peke yake. Mji wa Moshi uko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, ilhali lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Atakayefunga kwa nguvu kizibo cha chupa tupu ya maji kule juu kisha ashuke nayo hadi mjini ataikuta imebonyea. Hewa ya chini ina mkandamizo mkubwa zaidi kuliko ya juu, kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, hivyo inaikandamiza chupa.

Taa ya gari haibonyei kama chupa, kwa hiyo hewa hulazimika kuingia ndani yake kupitia upenyo wowote. Kama upenyo huo umefunikwa na maji ya mvua wakati gari linateremka, kinachoingia ni maji. Zaidi ya hapo, balbu inapowaka hupasha moto hewa ya ndani na sehemu ya hewa hiyo hutoka. Mvua ya baridi inapoipiga taa iliyopata moto, hewa iliyobaki husinyaa na taa hunyonya kutoka nje. Gari linaloteremka likikanyaga breki mara kwa mara katika mvua hupata mambo yote mawili kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo hiyo si busara kuziba matundu ya kupumulia. Taa iliyozibwa kila mahali hunyonya kupitia ufa mdogo kuliko yote, na maji yakishaingia hayana pa kutokea.

Kuchagua taa kabla ya kununua

Kazi ya kuzuia maji huanzia dukani. Kwanza, soma namba iliyochapwa kwenye kioo cha taa ya zamani na uilinganishe na ya taa unayonunua. Magari yetu mengi ni ya Kijapani, na taa zake za awali huwa na jina la mtengenezaji kama Koito, Stanley au Ichikoh pamoja na namba hiyo. Magari ya jina moja lakini ya miaka tofauti huweza kuwa na taa zinazofanana kwa macho lakini zisizokaa sawa kwenye bodi.

Pili, pitisha kidole kwenye mshono wote wa kioo na kikombe. Tafuta mahali palipoachwa bila gundi, palipoinuka au palipopasuka. Tatu, angalia gasketi. Taa mpya za bei nafuu mara nyingi huja na sponji nyembamba, na nyingine huja bila gasketi kabisa. Taa iliyotumika ya kiwandani yaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei nafuu, ilimradi haina ufa. Lakini gasketi yake huwa imekwisha kusinyaa na ni vyema kuibadilisha.

Kabla ya kuifunga, ijaribu. Toa balbu na soketi zake, laza taa kioo kikiwa chini ndani ya beseni la maji, ili mshono uzame lakini matundu ya soketi na ya kupumulia yabaki juu ya maji. Iache kwa dakika 10. Maji yakiingia utaona ni upande gani, na ni rahisi kurekebisha au kuirudisha dukani kabla haijafungwa.

Kutafuta mvujo kwenye gari

Kama taa ilishafungwa na buti linalowa, usiharakishe kuilaumu taa. Maji yanaweza pia kupita kwenye raba ya mlango wa nyuma, kwenye maungio ya bati la paa, kwenye kitako cha antena au kwenye vizibo vya raba vilivyong'oka chini ya sakafu. Fanya hivi:

1. Toa kapeti, tairi la akiba na paneli za pembeni ili bati lionekane. Kausha kila mahali kwa kitambaa.

2. Paka unga wa chaki kwenye bati chini ya kila taa. Maji yakipita yataacha mstari unaoonekana wazi.

3. Mtu mmoja aingie ndani na tochi, mlango ufungwe. Mwingine amwage maji taratibu kwa kopo au mpira usio na nguvu, akianzia chini na kupanda juu kidogo kidogo. Akianza juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua yameingilia wapi.

4. Aliye ndani aweke alama pale tone la kwanza linapotokea. Afuate njia ya maji hadi yanakoanzia, maana maji huweza kutambaa kwenye waya au ukingo wa bati na kudondoka mbali na tundu lenyewe.

Hatua za kufunga taa isivuje

Kwanza: kuifungua. Zima gari na uondoe waya wa hasi wa betri. Fungua nati kutoka ndani ya buti, au skrubu za pembeni kwa magari ambayo taa yake hukaa kando ya mlango wa nyuma. Geuza soketi za balbu na kuzitoa moja moja. Usivute nyaya. Kama taa imeshikiliwa pia na klipu za plastiki, ivute moja kwa moja kuelekea nyuma bila kuipinda.

Pili: kusafisha. Ondoa mabaki yote ya gasketi na silikoni ya zamani kwa kipande cha plastiki au mbao ili usikwaruze rangi. Osha kwa maji ya sabuni, kausha, kisha pangusa kwa spiriti. Petroli na thina zisitumike kwenye taa, kwani hudhoofisha plastiki na kuifanya ipasuke baadaye. Kama bati lina kutu, pigwe msasa hadi chuma kionekane, ipakwe praima na rangi, na ziachwe zikauke kabisa. Gundi iliyopakwa juu ya kutu itang'oka pamoja na kutu hiyo.

Tatu: kunyoosha bati. Taa nyingi hubadilishwa baada ya gari kugongwa, na kinachosahauliwa ni bati lililoizunguka. Weka taa mahali pake bila gasketi na uangalie pengo pande zote. Likiwa pana upande mmoja, gasketi haitabanwa upande huo hata ukaze namna gani. Fundi bodi anyooshe kwanza.

Nne: gasketi. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Sponji ya godoro haifai hata kidogo. Vijishimo vyake vimefunguliwa, hivyo hunyonya maji na kuyashikilia kwenye bati usiku na mchana. Inayotakiwa ni sponji ya raba ambayo kila kijishimo chake kimefungwa peke yake. Jaribio ni rahisi: zamisha kipande kwenye maji, kibonyeze mara kadhaa, kitoe, kipanguse kwa nje kisha ukikamue. Kikitoa maji, kiache. Soli ya kandambili ni mfano wa sponji isiyonyonya, ingawa ni ngumu mno kubanwa vizuri kwenye taa. Gasketi iwe kipande kimoja bila maungio ikiwezekana. Kama lazima kuwe na maungio, yawe upande wa chini na ncha zikatwe kwa mshazari ili zilaliane.

Ukipata utepe wa raba ya butaili, ule mweusi unaonata kama ulimbo, huo ni mzuri zaidi kwa bati lisilo nyoofu sana. Haukauki ukawa mgumu, na taa huweza kutolewa tena bila kuvunjika.

Tano: matundu ya bolti. Kila bolti ya taa hupita kwenye tundu la bati, na kila tundu ni mlango wa maji. Gasketi kubwa ikiwa inapita nje ya matundu hayo, yako salama. Isipopita hivyo, zungushia kila bolti kipande kidogo cha butaili au wosha ya raba. Raba inayozunguka nyaya mahali zinapoingia kwenye bodi nayo ikaguliwe. Acha nyaya zilegee kidogo na kuning'inia chini kabla ya kuingia tunduni, ili maji yanayotambaa juu yake yadondoke nje.

Sita: silikoni itumike kwa kiasi. Kwa mshono wa kioo uliofunguka, tumia silikoni isiyo na harufu ya siki. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo hula bati na shaba ya nyaya. Mshono uwe mkavu kabisa. Paka mstari mwembamba, ukandamize uingie ndani ya pengo, na usizibe tundu lolote la kupumulia wala la kutolea maji. Usiigundishe taa nzima kwenye bodi kwa silikoni. Katika magari mengi balbu haibadilishwi mpaka taa itolewe, na taa iliyogandishwa huvunjika balbu ya kwanza inapoungua usiku njiani.

Saba: kukaza. Kaza nati zote kwa mkono kwanza, kisha kidogo kidogo kwa spana, ukihama kutoka moja hadi nyingine ya upande wa pili. Gasketi ibonyee sawasawa pande zote. Plastiki ikikazwa kupita kiasi hupata ufa mwembamba nyuma ya bolti, na ufa huo huwa chanzo kipya cha mvujo.

Nane: kusubiri na kujaribu. Silikoni huanza kukauka juu, ndani ikiwa bado laini. Ipe saa 24 kabla ya kuipeleka gari kwenye mvua. Kisha rudia jaribio la maji na unga wa chaki. Mwombe mwenzako akanyage breki, awashe indiketa, aweke gia ya rivasi, nawe ukiwa nyuma uhakikishe kila taa inawaka peke yake.

Balbu na ethi

Maji yakishaingia mara moja, huacha kutu kwenye soketi hata baada ya mvujo kuzibwa. Safisha ncha za shaba kwa msasa laini. Kama ukikanyaga breki na indiketa nayo inapata mwanga hafifu, au taa zote za upande mmoja zimefifia, chunguza ethi, yaani waya unaofungwa kwenye bodi. Ukipata kutu, umeme hukosa njia yake na kurudi kupitia balbu nyingine. Fungua bolti yake, safisha bati na ncha ya waya hadi ving'ae, ukaze tena.

Balbu ya breki na ya usiku katika magari mengi ni moja yenye nyuzi mbili, ya wati 21 na wati 5. Usiweke yenye wati nyingi zaidi ili taa iwe kali. Joto lake hulainisha plastiki na kufungua ule mshono tuliotoka kuuziba.

Ukaguzi wa kila msimu

Mradi unaweza kuingiza kazi hii kwenye ratiba bila gharama kubwa. Tunapendekeza ukaguzi ufanyike mara mbili kwa mwaka: mwezi Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Dereva ainue kapeti la buti na kupapasa shimo la tairi la akiba. Aangalie taa zote kama zina matone. Na atumie kijiti chembamba kuondoa udongo kwenye matundu ya kutolea maji chini ya taa na chini ya mlango wa nyuma. Gari linalofanya kazi Kahe na tambarare wakati wa kiangazi huziba matundu hayo kwa vumbi, na vumbi hilo hugeuka tope mara mvua ya kwanza inaponyesha.

Matokeo yaandikwe kwenye kitabu cha gari, pamoja na tarehe taa ilipobadilishwa na aina ya gasketi iliyotumika. Dereva anapobadilishwa, anayempokea ataelewa pa kuanzia.

Kwa wale wanaopeleka magari gereji, tunashauri jambo moja zaidi. Msipokee gari kwa kuona taa inawaka tu. Ombeni ndoo ya maji, mwageni juu ya taa iliyofungwa, kisha fungueni buti mbele ya fundi. Fundi anayejiamini hatakataa, na kama kuna mvujo utarekebishwa hapo hapo kabla gari halijapakia chanjo, vitabu au wagonjwa na kuanza kupanda mlima.